Cheche kwenye betri: majibu kutoka karakana ya Ngamiani, Tanga

*Shikamoo fundi. Nikifunga inveta kwenye betri ya voti 12 inatoka cheche kubwa, paa! Waya sijakosea. Ni kawaida?* (Kijana wa Sahare)

Marahaba, mwanangu. Inveta yako nzima. Ndani mna kapasita kubwa, kifaa kinachotunza chaji ya umeme, na ikiwa tupu, waya ukigusa tu inavuta umeme kwa mkupuo mmoja. Njia nzima ikiwa na ukinzani wa omu 0.02, mkupuo huo unafika ampea 600, ingawa ni kufumba na kufumbua. Lakini usiizoee. Ncha ya waya inaungua, kichwa cha betri kinabaki na vidonda vyeusi. Kibaya zaidi, betri ya maji iliyotoka kuchajiwa hutoa haidrojeni. Cheche ikiikuta hewa hiyo, betri hupasuka na asidi humrukia mtu machoni. Hilo ndilo linalonitisha.

Tafuta taa ya indiketa ya gari, wati 21. Zima inveta, funga hasi kwanza. Chanya ipitishe kwenye taa, na kiungo cha mwisho kifanye upande wa inveta, mbali na betri. Taa itamweka mara moja na kuzimika: kapasita imejaa. Taa ikiwa bado pale, funga waya mnene wa chanya, kisha itoe. Ikigoma kuzimika, usiendelee. Inveta umeiacha imewashwa, au mna shoti. Rezista (kifaa cha kupunguza mkondo wa umeme) ya omu 10 nayo inafaa, ila taa unaiona kwa macho.

*Fyuzi ya taa zetu za dagaa haitoshi kuzuia mkupuo huo?* (Mvuvi, Deep Sea)

Haitoshi, kaka. Mkupuo hupita kabla fyuzi haijapata moto wa kukatika. Iache hapo hapo karibu na betri, kazi yake ni kukata umeme shoti ikitokea.

*Nina pawasaplai ya kurekebisha voti, nataka kuchajia betri. Niunge ikiwa imezimwa?* (Mama wa Chumbageni)

Hapana, dada yangu. Ikiwa imezimwa, betri ndiyo itakayoijaza kwa nyuma, na cheche utaiona. Pima betri kwanza. Ikisoma 12.3, washa pawasaplai uiweke 12.3 hiyo hiyo, weka na kikomo cha ampea (betri ya ampea-saa 100, ampea 10 zinatosha), ndipo uunge. Voti zikilingana hakuna kinachokimbilia upande wowote. Halafu panda taratibu hadi 14.4. Kwenye waya wa chanya tia dayodi nene, inayopitisha umeme upande mmoja tu, ili umeme ukikatika usiku betri isiurudishe wake kwenye pawasaplai. Dayodi hula voti kidogo, kwa hiyo hiyo 14.4 ipime kwenye vichwa vya betri.