Mshahara wa kijana wa dukani si wasia, ni deni

SWALI: Bi Wakili, assalaam alaykum. Nina duka la vyakula hapa Wete na shamba dogo la mikarafuu Mtambwe. Nimetimiza miaka 68 na presha inanisumbua. Nina wake wawili, mtoto mmoja wa kiume na watatu wa kike. Wazee wangu wote wametangulia mbele ya haki. Kijana wangu wa dukani tulikubaliana shilingi 400,000 kwa mwezi, lakini kwa miaka mitatu anachukua 300,000, zinazobaki aliniomba nimwekee mpaka aoe. Hatujaandikiana. Nataka nimwandikie wasia wa fremu ya duka iwe ndiyo malipo yake, na biashara nimwachie mwanangu wa kiume. Inafaa?
Mfanyabiashara, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, ami yangu. Mungu akupe afya.

Kwanza tumtoe kijana kwenye wasia. Laki moja kwa miezi 36 ni shilingi 3,600,000, na hizo ni zake tangu leo, uwe hai au usiwe. Sura ya An-Nisaa inataja mafungu ya warithi, kisha inakumbusha kuwa ni baada ya wasia na deni. Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wakapanga: mazishi, halafu madeni, halafu wasia usiozidi theluthi ya mali, ndipo warithi. Ukimwandikia fremu kama wasia, umemtoa kwenye safu ya wadai ukamweka nyuma yao, na fremu ikizidi theluthi atategemea ridhaa ya warithi wako.

Hili linaniuma kwa sababu nimeliona. Nilikuwa msibani Chake Chake, hitima imekwisha, akaja mzee aliyekuwa akisimamia shamba la marehemu. Mkononi ana daftari la shule, jalada limelegea kwa jasho. Ndani kaandika kwa penseli: mwezi, alichopewa, kilichobaki. Saini ya marehemu hata moja hakuna. Wale watoto wa marehemu alikuwa akiwabeba mabegani kuwapeleka chuo cha Kurani, wanamjua kuwa si mwongo. Lakini miongoni mwa warithi mlikuwa na yatima wawili wadogo, na hapana aliyethubutu kutoa fungu la yatima kwa maandishi ya penseli. Mzee akalikunja daftari, akalitia mfukoni mwa kanzu, akaaga.

Basi andikianeni. Karatasi moja itaje deni, tarehe na kiasi. Nyote wawili mtie saini, na mashahidi wanaume wawili, wasiwe warithi wako. Nakala moja abaki nayo yeye. Karatasi ya pili iwe mkataba wa kazi: kazi yake, saa, mshahara, likizo, siku ya kulipwa. Sheria ya Ajira ya Zanzibar Na. 11 ya 2005 inamlinda hata bila karatasi, lakini karatasi inawalinda na wanao. Muandikishe pia ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, kama hujafanya hivyo.

Ukishalipa haki yake, ukitaka kumuongezea hisani, wasia kwake unajuzu kwa kuwa si mrithi wako. Hapo theluthi ni yako.

Mwanao wa kiume ni jambo jengine. Yeye ni mrithi, na wasia kwa mrithi haupiti ila ndugu zake na mama zake waridhie baada yako. Tuseme umeacha mali ya shilingi 44,000,000, mazishi 400,000 na deni la kijana 3,600,000. Zinabaki milioni 40. Wake zako wana thumni, yaani moja ya nane, milioni 5, kila mmoja milioni 2.5. Za watoto ni milioni 35: yeye 14, kila binti 7. Ndiyo haki yake, tena kubwa. Ukitaka kumpa biashara kwa hiba, yaani zawadi ya uhai wako, umkabidhi kweli ungali hai na mzima: ufunguo, hesabu, leseni. Hiba ya kwenye maradhi ya mauti inahesabiwa kama wasia. Na mabinti watatu wanaokuletea dawa usiwasahau siku hiyo, Mtume (S.A.W.) alikataa kushuhudia hiba ya baba aliyempendelea mtoto mmoja.

SWALI: Nina nyumba ya wageni Paje. Mkataba wa wafanyakazi nimeunakili kwa rafiki yangu wa Dar es Salaam. Unatosha?
Mama wa Paje

JIBU: Hapana, dada. Huo unataja Sheria Na. 6 ya 2004, ambayo ni ya Tanzania Bara. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Huku Zanzibar tuna sheria yetu na mfuko wetu, ZSSF badala ya NSSF. Uandike upya, kwa Kiswahili wanachokisoma wafanyakazi wako.

Na wewe ami, usingoje mavuno ya karafuu. Usiku wa leo duka likishafungwa, mwite kijana, mkae na hesabu, muanze mwezi wa kwanza.