Kabla hujaiuza hiyo nyumba ya wapangaji, ama kuipeleka benki

Vijana wengi hapa Kampala waliorithi nyumba ama waliojenga za kwanza za kupangisha wananiuliza kitu kimoja: niuze, nichukue mkopo juu yake nijenge nyingine, ama niiache tu ilivyo? Halafu wanaanza kunihesabia walivyotumia kujenga, matofali bei gani, mabati bei gani, fundi alivyowala. Hiyo weka kando, imeshapita, mnunuzi haulizi simenti ulinunua ngapi. Uliza hivi: leo ikiuzwa italeta ngapi, na kwa pesa hiyo inakulipa ngapi kwa mwaka?

Tuchukue mfano. Una nyumba nne ndogo kwenye kiwanja kimoja huko Kyaliwajjala, kila moja shilingi 350,000 kwa mwezi. Hiyo ni 1,400,000, kwa mwaka 16,800,000, na hapo ndio watu wengi wanaacha kuhesabu wanaanza kufurahi. Sasa toa ushuru wa URA, mamlaka ya mapato, kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya kila kinachozidi 2,820,000 kwa mwaka, na hawakupunguzii gharama yoyote hata kama paa limeng'oka, kwa hivyo inaenda kama 1,678,000. Toa miezi ambayo nyumba inakaa bila mtu, weka 700,000. Toa rangi, mabomba, gari la kunyonya choo, kijana anayeangalia geti, tuseme 2,000,000. Unabaki na kama 12,400,000. Kama kiwanja na nyumba vinauzika 220,000,000, basi hiyo mali inakulipa kama asilimia 5 na nusu hivi.

Pesa hiyohiyo ukiiweka kwenye bondi za serikali za miaka 10 (unaikopesha serikali, inakulipa riba) zinazopitia Benki Kuu, tuseme kwa asilimia 15, ukatoa ushuru wa asilimia 10 juu ya riba, unapata kama 29,700,000 kwa mwaka na hakuna mpangaji atakupigia simu saa tano usiku kwamba Yaka, ile mita ya umeme, imeleta shida. Ni zaidi ya mara mbili.

Sasa mbona watu wenye akili bado wanashika nyumba? Kwa sababu ya ardhi. Bondi ikiisha unarudishiwa shilingi zilezile ulizoweka, na miaka 10 shilingi inakuwa imeshaliwa na bei za vitu. Kiwanja kinapanda. Lakini hakipandi kila mwaka sawasawa, kinaruka wakati kitu kimekuja, lami, chuo, viwanda kama kule Namanve, halafu kinapoa. Kwa hivyo kama mruko bado unakuja, kaa nayo hata kama kodi ya wapangaji ni kidogo. Kama lami ilishafika zamani, maghorofa yameshajaa pande zote na kodi haijasogea miaka mitatu, hapo mimi ningeanza kutafuta mnunuzi. Na usimsikilize broka anayesema "barabara inakuja", broka anasema hivyo tangu nikiwa mdogo. Nenda uone kama watu wa njia hiyo wameshapimiwa na kulipwa fidia.

Mkopo ndio naogopa zaidi kwa mtu mpya. Wanaona video za Marekani, mtu anakopa juu ya nyumba ya kwanza ananunua ya pili, ya pili inalipa ya tatu. Kule riba ni ndogo. Hapa chukua 100,000,000 kwa riba ya asilimia 18, miaka 10, kila mwezi unalipa kama 1,800,000. Zile nyumba zako nne zote zikijaa bila hata mmoja kuchelewa zinaleta 1,400,000! Umeshakosa 400,000 kabla ya URA. Na usidhani utapandisha kodi ufidie, sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya 2022 imeweka mwisho asilimia 10 kwa mwaka, na kumtoa mpangaji kwa nguvu bila amri ya korti ni kosa. Wengine wanakimbilia mkopo wa dola kwa sababu riba yake iko chini, lakini wapangaji wako wanalipa shilingi, dola ikipanda utalia peke yako.

Mkopo una maana kama tayari una mkopo mwingine wa riba kubwa unataka kuuhamisha, ama unaongeza nyumba kwenye kiwanja hichohicho ulichonacho, maana ardhi hununui tena. Hata hapo hesabu ada za benki, mthamini, wakili, na ushuru wa stempu. Ukishindwa kulipa, benki inakupa notisi ya siku 45 za kazi, halafu nyingine ya siku 21 za kazi kabla ya kuuza, na kuomba korti isimamishe mnada mara nyingi unaambiwa uweke kwanza asilimia 30 ya thamani ya mnada ama ya deni. Kama familia inaishi humo, lazima mke ama mume wako akubali kwa maandishi, usijaribu kupita pembeni.

Halafu kuna nyumba ambazo hazina hata haja ya hesabu hizi. Iko kwenye kinamasi? Mliona NEMA, wale wa mazingira, walivyobomoa nyumba kwenye kinamasi cha Lubigi 2024. Usiongeze hata tofali moja, na kumuuzia mtu mwingine bila kumwambia ni wizi tu.

Na kama uko kwenye kibanja juu ya mailo, yaani unakalia ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, benki nyingi hazitaki kukuona, na wanaokubali ni wakopeshaji wa mtaani wa riba ya kila mwezi, hao wakimbie. Ukiamua kuuza kibanja, sheria inataka umpe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua. Barua ya chairman wa LC, serikali ya mtaa, peke yake haitoshi, mnunuzi mwenye wakili atakuuliza risiti za busuulu, ile ada ya kila mwaka kwa mwenye ardhi, kwa hivyo kama ulikuwa hulipi anza kulipa sasa, kabla hujaita broka.