Leseni haijibiwi? Akaunti ina namba ya nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi kwenye zahanati binafsi Igoma, Mwanza. Leseni yangu inakaribia kuisha. Niliomba kuihuisha kupitia steshenari moja Buzuruga, nikalipa, tangu hapo kimya. Kijana aliyenijazia fomu anasema Baraza la Uuguzi na Ukunga halijibu watu wa kawaida, ila ana mtu wake Dodoma, nitume 80,000 asukume. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, sista. Usitume hata mia.

Siku akaunti yako kwenye mfumo wa Baraza ilipofunguliwa, iliandikwa simu na barua pepe ya nani? Kama ni za huyo kijana, huenda Baraza limeshakujibu zamani, na aliyesoma ni yeye. Nimefanya kazi ya usajili wa wanataaluma miaka mingi na hili halinishangazi tena. Unakuta ombi limerudishwa kwa sababu jina la cheti cha kuzaliwa halilingani na la kidato cha nne, au pointi za mafunzo endelevu hazijatimia. Ujumbe umetumwa, mwenye leseni hana habari. Kishoka, yaani dalali wa mtaani, anamuuzia jibu ambalo ofisi imelitoa bure, halafu ofisi ndiyo inayotukanwa!

Piga Baraza mwenyewe, ukiwa na namba yako ya usajili na stakabadhi. Omba mawasiliano yabadilishwe yawe yako, kisha ubadili nywila. Uliza: ombi liko hatua gani, na anayesubiriwa ni mimi au ninyi? Ofisi inayojua huduma itakupa sababu na siku. Zipo zinazoacha simu iite mpaka ikate, nazo sizitetei. Lakini taasisi ya umma ina mkataba wa huduma kwa mteja, na humo imeahidi muda wa kumaliza kila huduma. Utafute, uandike malalamiko ukinukuu ahadi hiyo. Barua ya namna hiyo ni ngumu kuifungia kabatini.

Kuhusu malipo, mdai huyo kijana kontroo namba, zile tarakimu 12 zinazoanza na 99. Kama ulimtumia pesa kwenye simu yake na hana namba hiyo ya kukuonyesha, hesabu kwamba ada bado hujalipa.

Hadithi ya “mtu wa ndani” wanauziwa pia wafamasia, wahandisi, makandarasi, watu waliosoma kabisa. Wengine huishia kukabidhiwa leseni ya kughushi, inang'aa kuliko halisi. Mwajiri akiihakiki kwenye rejista, jina halimo. Hapo kishoka amezima simu, na anayehojiwa ni wewe, maana kutoa huduma bila leseni hai ni kosa chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010.

Na kama ulimwachia vyeti vyako halisi, vifuate leo kabla hujampigia mtu yeyote.