Hela ya chakula usimpe mtembezaji

Mkuu, usitume hiyo hela. Kama umeshaihifadhi namba ya huyo kijana wa kuwatembeza, ifute kwanza ndipo uendelee kusoma.

Umeandika kwamba Jumamosi unashuka Unguja na boti ya mchana, una mama mzazi na watoto wawili, mnataka kuzunguka Mji Mkongwe kwa miguu, na kuna kijana amekupa bei moja ya jumla: matembezi ya saa tatu, "na misosi yote ya Forodhani humo humo", yaani ile bustani ya ufukweni wanapouza vyakula usiku, ila umrushie yote kabla hujapanda boti. Ukauliza na pa kulala, na kama kisiwa cha Changuu muende siku hiyo hiyo. Mimi nilipofika kwenye "humo humo" nikaacha kusoma mengine. Ndilo neno nililoambiwa mwaka juzi, na mimi pia nilikuwa na mama.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Amefundisha habari za soko la watumwa la Zanzibar karibu miaka thelathini, akichora ramani ubaoni kwa chaki, na hakuwahi kuliona. Alipostaafu alikuwa na ombi moja tu: nimpeleke Mkunazini, pale soko lilipokuwa. Nikasema safari hii nifanye vizuri, twende na mama mdogo, tupate mtu wa kututembeza, jioni tule vya mtaani. Mfanyakazi mwenzangu akanipa namba ya kijana mmoja: "Huyo mtu wangu kabisa, usihangaike." Nikarusha laki mbili na arobaini kwa watu watatu, kila kitu ndani. Baadaye nikaja kugundua huyo mwenzangu hajawahi kutembezwa naye hata siku moja! Namba alipewa na shemeji yake. Bado nina hasira naye. Mtu akikuambia "mtu wangu", muulize walitembea wapi na walikula nini. Akibabaika, achana naye.

Tukaanzia Ngome Kongwe. Kijana akasema ilijengwa na Wareno. Mama akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hapa Wareno walikuwa na kanisa lao, lakini ngome hii ni ya Waarabu wa Oman, baada ya Wareno kutolewa." Kijana akacheka, akasema yote ni historia. Tukafika Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883. Akasema limefungwa, linapakwa rangi. Jumba liliporomoka upande mmoja Desemba 2020, nchi nzima iliona kwenye taarifa ya habari, yeye anatuambia rangi!

Hapo ningemalizana naye. Sikuweza, kwa sababu alikuwa ameshika hela yangu yote, na chakula cha jioni cha mama kilikuwa mikononi mwake. Hili ndilo nataka ulielewe, Mkuu. Ukishamlipa mtu chakula ambacho hujala, huna tena uwezo wa kumwambia kwaheri.

Akatuingiza duka la viungo. Tukakalishwa kwenye mkeka, tukanusishwa karafuu na iliki kama hatujawahi kupika pilau. Likafuata duka la picha za kuchora, kisha la vinyago na kanga. Kila duka yeye anabaki mlangoni akiongea na mwenye duka, na ukitoka mikono mitupu unamwona uso umebadilika. Mama akauliza, "Mkunazini ni lini?" "Bado kidogo bibi, iko njiani." Aliuliza mara tatu. Tulipofika, askari wa getini alikuwa anafunga. Kijana akasema kumbe tiketi ya kuingia "haimo kwenye kifurushi", kwa hiyo hata tungewahi tungelipa upya. Mama hakusema kitu. Alishika nondo za geti, akachungulia ndani, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko, kisha akasema twendeni tukale.

Sasa Forodhani. Taa zimewaka, moshi, watu wamejaa, kwa macho panapendeza kweli. Kijana akatupeleka meza moja aliyoichagua yeye. Mwenye meza, kofia nyeupe kichwani, akamwamkia mama "shikamoo bibi" vizuri kabisa, akamkabidhi sahani ya karatasi, akaanza kupakia kwa koleo. Mshikaki wa pweza. Kamba. Ngisi. Kambakochi nusu, mwekundu, aking'aa chini ya taa. Mama mdogo anasema inatosha baba, yeye anasema "onjeni tu, onjeni tu". Tukadhani imeshalipwa. Pweza alikuwa mgumu kama kandambili, juu moto, ndani baridi, maana yake alishachomwa zamani na sasa anapashwa. Tulipomaliza, jamaa akahesabu vijiti sahanini: laki moja na sitini na tano.

Nikamgeukia mtembezaji wangu. Alikuwa hatua kumi kutoka pale, anakunywa soda. "Bro, kifurushi ni pizza moja na juisi kila mtu. Vya baharini ni nyongeza." Nikaanza kupandisha sauti, watu wakageuka. Mama akafungua fundo la kanga yake kiunoni, akatoa noti zake za pensheni, zimekunjwa mara nne, akaanza kuzihesabu. Nikalipa. Na mwanajamvi anayetaka kuniandikia kwamba yeye angegoma, asubiri kwanza amwone mama yake anafungua fundo la kanga mbele ya umati.

Usidhani nawasema watu wa Forodhani wote. Tatizo lilikuwa mpango wenyewe. Hela ya chakula ikiwa kwa mtembezaji, kila shilingi isiyoingia mdomoni mwako inabaki mfukoni mwake. Atakupeleka penye rahisi kwake, au kwa anayempa chochote kwa kila kichwa anacholeta. Muuza chakula naye hakujui, anamjua aliyekuleta. Mlipe mtembezaji miguu yake na maelezo yake. Chakula nunua mwenyewe, mpe hela aliyekipika, na bei uiulize sahani ikiwa bado mezani kwake. Ukishaishika umeshanunua.

Mwaka jana nilirudi na mke wangu, na nilifanya hivyo hivyo. Mwenye nyumba tuliyofikia alituitia mtembezaji mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, tukakubaliana bei ya kutembea tu, nikamlipa tulipomaliza. Mtu mzima, anaongea taratibu, kila baraza anasalimiwa. Kitu cha kwanza aliuliza: "Mnataka kuona nini hasa?" Nikasema Mkunazini. Akasema basi tuanzie huko, mengine yatafuata.

Pale alitueleza kwamba soko lilifungwa 1873, Barghash akiwa amebanwa na Waingereza, na mwaka huo huo wakaanza kujenga kanisa juu ya uwanja wenyewe, chini ya Askofu Edward Steere, yule aliyefanya kazi kubwa kwenye sarufi ya Kiswahili. Akatuonyesha alama mbele ya altare, mahali panaposemwa ulikuwepo mti wa kuchapia watumwa. Nje kuna sanamu za watu watano wamesimama ndani ya shimo, ziliwekwa 1998, na minyororo ya shingoni ni ya kweli, ya enzi hizo. Kisha tukashuka vyumba vya chini. Dari iko chini, unainama, hewa inapita kwenye matundu membamba ukutani. Na alituambia kitu ambacho kijana wa kwanza asingethubutu: kwamba wapo wanahistoria wanaosema jengo la juu ya vyumba vile ni la misheni, limekuja baada ya soko kufungwa, kwa hiyo hawakubali kwamba watumwa walifungiwa humo. "Soko lilikuwa hapa, hilo halina ubishi. Vyumba, watu wanabishana." Nilimheshimu hapo hapo.

Na chakula? Tulipopata njaa alisema, "Pale kuna mama anauza urojo, wenyeji wanakula kwake. Ulizeni bei wenyewe, mimi nawasubiri." Akakaa barazani na simu yake. Yule mama alikuwa na bakuli za plastiki zimepangwa. Akavunjia kachori kwa vidole, bajia tatu, viazi, akachota rojo la njano la embe na ukwaju kutoka kwenye sufuria, akarushia chatni ya nazi, akamalizia na chipsi za muhogo zilizosagika kama chicha. Pilipili aliuliza kwanza. Elfu tatu bakuli. Mke wangu alirudia. Kisha kahawa pale Jaws Corner, kikombe kidogo kisicho na mkono, na kashata, katikati ya wazee wanaobishana siasa. Mtembezaji nilimnunulia kahawa mimi kwa kupenda kwangu, naye akashukuru.

Jioni tukaenda Forodhani wenyewe, tu wawili. Tukapita meza zote bila kushika sahani. Tukala pizza ya Kizanzibari, kwa sababu hiyo unaiona inatengenezwa: chapati inavutwa mpaka inaonyesha vidole, nyama, kitunguu na yai ndani, inakunjwa, inakaangwa mbele yako. Watoto wako wataipenda. Juisi ya miwa wakukamulie hapo hapo pamoja na ndimu na tangawizi. Vya baharini ukivitamani, chagua kimoja, taja bei kwa sauti, umwone anakiweka kikiwa kibichi kwenye moto. Akikuambia "onja tu", rudisha mikono nyuma.

Na kijana wako huyo ukimwambia unataka kulipa matembezi tu, baada ya kumaliza, na chakula utanunua mwenyewe, sikiliza atajibu nini. Wangu ningemuuliza hivyo, nina hakika angekata simu.

Boti ya mchana ikifika, weka mizigo mlipofikia na mpeleke mama Mkunazini moja kwa moja. Usipitie dukani, usipitie popote. Geti linafungwa jioni na Forodhani haichangamki mpaka baada ya Magharibi, kwa hiyo hamtapoteza kitu.

Mama yangu siku hizi goti halimruhusu kupanda boti. Niliporudi nilimwonyesha picha za vile vyumba kwenye simu. Aliziangalia muda mrefu, akaikuza moja kwa vidole, akauliza lile tundu la hewa lina upana gani. Nikamwonyesha kwa kiganja.