Maswali ya Wasomaji: Plasta inayobanduka kila masika

SWALI: Assalaam alaykum. Nyumba yetu ya urithi iko Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja. Ukuta wa chini umeshapigwa plasta ya saruji mara tatu, na kila masika yakipita inavimba na kubanduka. Nyuma yake jiwe linatoka unga. Fundi anataka arudie saruji, safari hii na dawa ya kuzuia maji. Ghorofani boriti mbili zimebonyea, naye anashauri tuzitoe zote tumwage zege. Tumfuate?

JIBU: Wa alaykum salaam. Msimfuate, si kwa hili wala kwa lile.

Ukuta wenu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Hunyonya unyevu wa ardhini, na plasta ya chokaa huuacha utoke. Saruji inauziba. Maji yanazidi kupanda yakitafuta pa kutokea, na yanapokaukia nyuma ya plasta, chumvi inaganda, inatanuka na kulisaga jiwe. Huo unga mnaouona ni ukuta wenyewe. Dawa ya kuzuia maji itazidi kuusukuma unyevu juu, hata uzifikie boriti.

Kwanza tafuteni maji yanakotoka: mfereji wa paa uliotoboka, bomba la choo, au kichochoro kilichosakafiwa juu kwa juu mpaka kikaipita sakafu ya ndani. Hapo pasipotengenezwa, chokaa nayo itaanguka.

Kisha bandueni saruji yote, mpite alama ya unyevu kwa nusu mita. Tumieni nyundo ndogo na tindo. Mashine ya umeme inalegeza mawe. Chumvi ifagieni kwa brashi kavu. Mkiiosha, mnairudisha ndani. Uacheni ukuta wazi kaskazi nzima ukauke. Wengi hushindwa hapa, kwa kuwa ukuta uliochunwa haupendezi na wageni wanakuja.

Mchanganyiko ni chokaa 1 kwa mchanga 3, kwa ndoo. Chokaa ya shimoni iliyolala miezi 3 ndiyo bora. Ya mifuko rowekeni usiku kucha kwanza. Mchanga wa pwani hapana, una chumvi. Ukuta wa mita 4 kwa 1.5, plasta ya sentimita 2, unahitaji kama ndoo 9 za lita 20 za mchanga na 3 za chokaa, pamoja na ya kujazia mashimo.

Lowesheni ukuta, pigeni tabaka lisilozidi sentimita 1, ngojeni mpaka ukucha usiingie, ndipo mpige la pili. Likianza kukaza, likandamizeni kwa ubao kuziba nyufa. Tundikeni magunia mabichi siku 4 au 5. Plasta ya chokaa ikikaukia juani inapasuka na kubaki unga. Malizieni kwa chokaa nyepesi kama maziwa, mikono 4. Rangi ya plastiki itaziba ukuta kama saruji ilivyouziba.

Kuhusu boriti: chomeni ncha zake kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani, ndipo zinapooza. Inapozama kirahisi, hiyo ibadilishwe, moja moja, dari ikiwa imeshikiliwa kwa mihimili. Boriti mpya ya mkoko iingie ukutani sentimita 15, na ncha isizungushiwe saruji, ipate hewa. Zege la sentimita 12 kwenye chumba cha mita 3 kwa 6 ni zaidi ya tani 5, ila uzito si kitu. Sakafu ya zamani nayo nzito. Ubaya ni kwamba fundi atauchonga ukuta kulikalisha, na chumvi iliyomo itazila nondo.

Kibali kiombeni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya kugusa chochote, pamoja na picha za kila ukuta na kila boriti mnayotaka kuitoa.