Pumzi ya kuzamia haipandi Kilimanjaro

Swali: Assalaam alaykum, Daktari. Sisi ni vijana watano wa Wete, Pemba. Tunachanga pesa tangu mwaka jana, na baada ya Idi tumepanga kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Watatu kati yetu tunazamia pweza, kwa hiyo pumzi tunayo. Wa nne ni mchezaji mpira, wa tano ana pumu. Wakala aliyetupa bei anasema siku tano zatosha, ya sita ni kutupa pesa, kwa sababu atatupa dawa ya mlima, kimoja asubuhi kimoja jioni. Kidonge kimoja amenipa nikione, kimefungwa kwenye kikaratasi. Bibi naye katwambia tule kitunguu thomu na habbasoda. Je, dawa hiyo ni salama kwa mwenzetu wa pumu? Na tukitangulia Moshi siku tatu kuzowea hewa, si itatosha?

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Nianze na mwenzenu wa pumu kwa sababu shughuli yake ni fupi. Kama pumu imetulia, hajaamshwa usiku na kikohozi kwa wiki kadhaa, na pampu yake anajua kuitumia, aende. Hewa ya juu ni baridi na kavu, na hayo mawili ndiyo humbana mtu wa pumu. Basi pampu aiweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, na apumulie ndani ya kitambaa upepo ukizidi. Yeye tangu utotoni amezowea kukaa chini kifua kinapomwambia akae. Ninaowaogopea ni nyinyi wanne mnaoniambia pumzi mnayo.

Kila mwaka naulizwa swali hili, na kila mwaka linakuja na sifa za kifua. Pumzi ya mzamiaji ni ustadi wa kuvumilia kutopumua. Mwili unadai hewa, wewe unauambia ngoja, mpaka pweza atoke shimoni. Mlima unataka kinyume chake. Unataka mtu apumue zaidi na zaidi, mchana na usiku, hata akiwa usingizini, kwa siku kadhaa mfululizo, mpaka damu na figo zikubaliane na hali mpya. Ustadi huo haufundishwi kwenye bahari ya Misali, wala uwanja wa Gombani. Hakuna aliye nao hapa kwetu, kwa sababu visiwa vyetu havina mahali pa kuupatia.

Ukizama mita 10 chini ya maji, mgandamizo huwa maradufu ya ule wa ufukweni. Ukifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa huwa karibu nusu. Oksijeni haijapungua fungu lake, ni asilimia 21 ile ile ya Wete. Hewa yote ndiyo imekonda, na pumzi moja inakuletea nusu ya ulichozowea. Kifua kipana hakibadilishi hesabu hiyo. Na mchezaji mpira yumo kwenye hatari kuliko nyinyi, kwa sababu miguu yake itamfikisha juu kabla damu yake haijafika. (Kama kuna anayezamia kwa mtungi au kompresa, apitishe siku nzima na usiku wake, na ikiwezekana zaidi, kabla ya kupanda ndege au mlima. Hilo ni jambo jengine, lakini lishaua watu.)

Moshi iko kama mita 900. Ni juu zaidi ya kilima cha Masingini hapa Unguja, ambako hata mita 150 hapafiki, lakini mwili hauhesabu hapo kuwa mlimani. Kukaa siku tatu Moshi ni kula mtori, nanyi kuleni, ni mzuri. Ila msiite matayarisho. Pesa za gesti za siku tatu hizo zipelekeni mlimani.

Sasa tizama hiyo njia ya Marangu. Usiku wa kwanza mnalala Mandara, kama mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, 4,720, na usiku huohuo mnaamshwa muanze kupanda kileleni. Mita elfu kila usiku. Ushauri wa tiba ya milimani ni kwamba ukivuka mita 3,000, pahala pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne mtu apumzike bila kupanda. Wanaokwenda kambi ya chini ya Everest, ambayo ni mita 5,364, yaani chini ya Uhuru kwa mita 500 na ushei, huchukua kama siku nane kufika. Kwetu watu wanauziwa Uhuru kwa siku nne, wakiteremka wanauliza kwa nini walitapika.

Ile siku ya sita mnayoambiwa ni ya kutupa ni usiku wa pili Horombo. Mchana mnatembea polepole hadi kwenye mawe ya mistari ya pundamilia, karibu mita 4,000, kisha mnarudi kulala pale pale. Mwili unaonjeshwa juu, halafu unapewa usiku wa chini kujirekebisha. Katika safari nzima hiyo ndiyo siku pekee mlima unayokupeni bila kukudaini, na wakala wenu anataka kukuuzieni kidonge badala yake.

Tuje kwenye kidonge.

Siwezi kujua kilichomo ndani ya kikaratasi nisichokiona. Lakini nishaletewa vikaratasi kama hivyo, na kimoja wapo kilikuwa na deksa, deksamethasoni, dawa ileile ambayo mabinti wananunua kwa siri wanenepe. Deksa ni dawa kubwa. Daktari huitumia mlimani ubongo wa mtu unapoanza kuvimba, huku mgonjwa anateremshwa. Haiuzoweshi mwili mlima hata chembe. Inazima taa ya onyo tu, na injini inaendelea kuungua. Ukiimeza kila siku utapanda vizuri, utacheka, utawapita wenzio. Siku dawa ikikatika, au ikakuishia, yote uliyoyafukia yanakurudia kwa pamoja, nawe sasa uko kwenye mita 4,700.

Nilimuona mtu hivyo kwa macho yangu. Miaka iliyopita nilipanda na kikundi cha kutoka hapa Unguja, mmoja wao beki, kijana wa kifua kama mlango wa Mji Mkongwe. Mandara alifika wa kwanza, Horombo wa kwanza. Horombo ya siku ya pili wali hakuugusa, akasema ameshakula biskuti njiani. Panadoli alimuomba mpagazi, si mimi, nisije nikamrudisha. Kibo jioni nikamkuta kitandani anahangaika na kamba za kiatu, anazipitisha tundu la kushoto mara mbili, anazitoa, anaanza tena. Nikachora mstari chini kwa fimbo, nikamwambia apite juu yake, kisigino kiguse vidole. Hatua ya tatu akaanguka ubavu. Akacheka. Kile kicheko ndicho kilichonitisha kuliko kuanguka.

Tulimteremsha usiku ule ule, mwanzo kwapani, kisha kwenye machela ya gurudumu moja. Alfajiri Horombo akaomba chai na akauliza amefikaje pale. Alikuwa na kikaratasi mfukoni. Vidonge alikuwa amegawana na mwenzake kwa ukarimu, vikamalizika siku moja kabla.

Kuna dawa ya kweli, asetazolamaidi, maarufu kwa jina la Diamox. Hiyo husaidia figo kutoa baikaboneti, damu inapata uchachu kidogo, na ubongo unaamrisha kupumua zaidi. Yaani inaharakisha kazi ileile ambayo usiku wa pili Horombo ungeifanya. Kipimo cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kwa kawaida ni nusu kidonge, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitafanya ganzi na mkojo utakuwa wa mara kwa mara. Mjijaribie nyumbani kabla, si kambini gizani. Aliyewahi kubabuka ngozi kwa Septrini au SP ya malaria amwambie daktari kwanza. Na hata Diamox haikupi ruhusa ya kupunguza siku. Mtu akikwambia inakupa, hajui dawa au hajali.

Bibi mpeni shukrani zake. Kitunguu thomu kitieni kwenye supu, habbasoda na asali mle kama mnavyokula nyumbani. Havidhuru, ila si kinga. Maji kunyweni mkiona kiu na mkojo usiwe wa rangi ya chai, lakini habari za kujilazimisha lita tano sita ziacheni, zinapunguza chumvi mwilini na kichwa kikaanza kuuma kwa sababu nyengine. Kuna vijana wanaopanda na vidonge vya nguvu za kiume. Ndiyo, vinalegeza mishipa ya mapafu na daktari anaweza kumpa mtu maalumu mwenye hatari ya mapafu kujaa maji. Kwa mwengine vinamzidishia kichwa tu. Makopo ya oksijeni ya kupuliza yanakwisha kwa dakika chache. Kile kibanio cha kidole kinachosoma oksijeni ni kizuri, lakini kidole cha baridi kinasema uongo, na nimemuona mtu mwenye namba nzuri akitapika kwenye soksi zake.

Jambo ambalo hukuniuliza na lilistahili kuulizwa kabla ya pumu ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Pwani yetu na visiwa hivi wamo wengi waliorithi kijeni chake kutoka kwa mzazi mmoja, kwa sababu kiliwakinga wazee wetu na malaria. Mtu huyo hujisikia mzima maisha yake yote. Kwenye hewa nyembamba baadhi yao hupatwa na maumivu makali ya ubavu wa kushoto, wengu unakosa damu. Mwenye ugonjwa wenyewe, aliyerithi kwa wazazi wote wawili, asipande, na hapa sina mjadala. Mwenye kijeni kimoja ajue hali yake, na maumivu ya ubavu ule yakimjia asiseme ni gesi. Pimeni nyote watano, ni damu kidogo tu.

Sasa nikwambie kinachoua hasa. Dawa mbaya inaua, siku chache zinaua, lakini nyuma ya vyote viwili kuna michango. Watu wamechanga mwaka mzima, wamepiga picha gatini Mkoani, wameshaaga. Hakuna anayetaka kuwa ndiye aliyerudi Wete ikawa hadithi ya barazani mpaka harusini kwake. Kwa hiyo kichwa kinauma anasema usingizi. Anatapika anasema supu. Na wenziwe wanampenda, wanambebea begi, wanamvuta mkono, “kaza, bado kidogo.” Mapenzi hayo nimeyaona yakimpandisha mtu mgonjwa mita 300 zaidi.

Kabla hamjapanda meli, kaeni mkubaliane kwa maneno ya wazi. Gawaneni wawili wawili, na mmoja wa tatu kwa jozi mojawapo, kila mtu amuulize mwenzie asubuhi na jioni na amtizame anakula au anasukuma chakula. Kichwa kikiuma na kuna jengine juu yake, kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio na sababu, mtu huyo hapandi hatua moja. Anabaki pale alipo. Panadoli ameze, si kosa, mradi aseme ameimeza. Ikizidi, anateremka. Anayeyumba kama mlevi, anayeropoka, anayehema hali amekaa, au anayekohoa povu, anateremshwa papo hapo, iwe saa nane za usiku, iwe kilele kinaonekana. Mita 300 mpaka 1,000 chini kwa kawaida hutosha kumuona akirudi. Na mkubaliane kuwa pesa zake hazidaiwi na jina lake halitajwi barazani.

Mawakala wa namna ya huyo wenu sitawamaliza kwa makala moja. Kuna waongozaji wazuri sana Marangu na Moshi, watu waliozaliwa chini ya mlima, wanaomjua mgonjwa kwa kumtizama akifunga zipu. Wengi wao watakwambia wenyewe uongeze siku. Ila kuna na watu ambao mlima wao ni simu tu. Kazi yao ni kukata bei, na bei haikatiki ila kwa kukata usiku wa kulala, kwa sababu ada za hifadhi zinahesabiwa kwa siku. Muulize huyo wakala maswali mawili. Kikundi kina waongozaji wangapi, ili mmoja akiteremka na mgonjwa wengine wasibaki peke yao? Na mtu akirudi Horombo, nani anamlipia usiku wake? Akikujibu kwa kidonge, mrudishieni.

Kile ulicho nacho lakini usikirudishe, wala usikitupe. Njoo nacho kwenye kikaratasi chake hichohicho, pamoja na wenzio wote wanne, wiki sita kabla ya safari. Mwenye pumu aje na pampu yake, na mchezaji mpira aje hata kama anasema hana haja.