JIBU: Kiwanda cha mawese Kigoma, niombe EPZ au cheti cha vivutio?

Mkuu, habari. Umesema soko lako ni Bujumbura na Uvira, na umeambiwa uombe EPZ (leseni ya kiwanda kinachozalisha kwa ajili ya kuuza nje) upate miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni.

Anza na soko kabla ya msamaha. EPZ inakutaka uuze nje angalau asilimia 80 ya unachozalisha, na kwa sheria za forodha za Afrika Mashariki "nje" ni nje ya Jumuiya. Burundi ni mwanachama, na Kongo, iliko Uvira, ilijiunga 2022. Mzigo wa EPZ ukiingia ndani ya Jumuiya unatozwa ushuru kamili. Hapo ndipo wengi wa mikoa ya mpakani wanaponasa.

Kwako naona cheti cha kawaida cha vivutio (nafuu za kodi kwa mwekezaji) kinatosha, siku hizi kinatolewa na TISEZA, mamlaka ya uwekezaji iliyorithi TIC na EPZA. Kwa Mtanzania, sheria ya 2022 ilishusha kiwango cha chini cha mtaji hadi dola 50,000. Ukipeleka mafuta Burundi, beba cheti cha uasili, kinachoonyesha yamezalishwa ndani ya Jumuiya, yaingie bila ushuru.

Mashine usiagize kwanza. Ombi la kuahirisha malipo ya VAT ya mashine lifike TRA kabla mzigo haujafika Dar. Ukishalipa, kurudishiwa ni kazi nyingine. Ushuru wa forodha usikusumbue sana, mitambo mingi ya uzalishaji ni asilimia 0 hata bila cheti cha vivutio. Na nusu ya gharama ya mitambo iliyofungwa kiwandani unaikata kwenye mapato mwaka wa kwanza. Hiyo haiombewi popote, mhasibu wako aijue tu.